Dawa ya Sukari

Mulongwe, Uvira
Jumatatu, 5 Machi 1956

Mpendwa Baba Candide,

Sisi wazima, ila mama yako. Nimeanza na hilo ili usisome kurasa zote ukilitafuta. Usishtuke. Yuko hapa nyumbani, amekaa kwenye mkeka ananitazama nikiandika, na macho yake leo hayanipendi.

Nilikwenda Luvungi kumchukua kama ulivyosema. Nilimkuta amekonda, anamaliza mtungi wa maji kabla ya jua kuzama, na nyuma ya nyumba, pale anapojisaidia, sisimizi wamejaa. Dada yake Inamahoro alidhani amerogwa. Nikampeleka dispensari hapa Uvira. Mwuguzi mmoja, jina lake Donatien, alichemsha mkojo wake pamoja na maji ya buluu, yakageuka rangi ya tofali. Akasema, "Mama, uko na sukari."

Mama akamjibu kwamba hana hata kijiko kimoja, sukari ilikwisha nyumbani kwake tangu Noeli. Wote waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mimi nilicheka baadaye, njiani, nimegeuza uso.

Lakini si mchezo. Sukari ya chakula inabaki ndani ya damu na kumla polepole. Kila asubuhi lazima achomwe sindano, maisha yake yote. Donatien amenifundisha. Nachemsha bomba la kioo, navuta dawa, nachoma pajani. Chupa nimeitumbukiza ndani ya mtungi wa maji kivulini, joto lisiiharibu. Hapa nyumbani tunaiita dawa ya sukari. Hata mwanao akiona sufuria ndogo jikoni anapiga kelele kwamba dawa ya sukari inaiva.

Taabu ni chakula. Sukari hapana, asali hapana, ndizi mbivu hapana, na mutobe, yale maji matamu ya ndizi anayoyapenda kuliko sisi sote, hapana. Bugali wa muhogo kidogo tu. Majani ya lenga-lenga na sombe, maharage na samaki anaruhusiwa. Baba yangu ananiletea mikeke, samaki wa ziwani, kutoka Kalundu kila anapopata, naichoma na ndimu na pilipili, mama anaila hadi kichwa. Kisha anatazama sahani pale bugali ulipokuwa.

Sasa nifanyeje? Mimi mkaza mwana nimpimie mama mkwe chakula? Na wewe ulinionya kabla hatujaoana: kwenu mtu mzima hasemi kwamba ana njaa, ni aibu, na mama yako hajawahi kulitamka neno hilo. Kwa hiyo siwezi hata kumwuliza. Nikimwuliza kama ameshiba, anasema ameshiba, na macho yanasema mengine.

Mwandikie wewe. Barua yako ataisikia.

Mkeo,
Georgette


Mulongwe, Jumapili, 18 Machi 1956

Kwa Jean-Berchmans Ndikumana, Albertville

Mwana wangu,

Minye mama yako ndiye nasema, Marcellin katekista ndiye anaandika. Nimemukataza kutengeneza maneno yangu.

Bibi yako Georgette ananitesa. Kila asubuhi iko ananichoma sindano, na iko anaimba. Muntu anachoma mama ya bwana yake na anaimba? Halafu ananiwekea bugali sawa ngumi ya mutoto. Harufu ya mukeke iko mu nyumba yote, majirani wanameza mate, minye napewa samaki na majani. Kesho majani. Kesho kutwa majani. Minye ni mbuzi?

Ile neno sitalisema. Weye unalijua. Sikulisema hata mwaka ule mvua ilikataa na tulikula mizizi, sitalisema leo sababu ya mutoto wa Kalundu.

Tena ananiona mwongo. Donatien aliniambia, sisi wawili tu, bibi yako alikuwa inje na Candide: mama, ukishikwa na kutetemeka na jasho, kunywa kintu ya sukari upesi. Nikamuambia Georgette. Akasema, "Mama, ule ule anakukataza sukari, tena anakupa sukari?" Akacheka. Sasa nani iko na wazimu, minye ao Donatien?

Leo nimepokea komunyo sawa kila Jumapili. Kichwa kilinizunguka, lakini nilikuombea.

Basi chagua. Umurudishe bibi yako kwao, ao minye narudi Luvungi nikufe na mutobe wangu mu kinywa. Nangoja barua.

Mama yako,
Apollinarie

(Mimi Marcellin nimeandika kama nilivyoambiwa. Ila habari ya mbuzi aliitaja mara nyingi kuliko hapa.)


Albertville
Jumatatu, 26 Machi 1956

Mpendwa Mama Candide,

Barua yako na ya mama zimefika kwa meli moja, maana majuma mawili haikuja. Nilisoma yako kwanza, kisha yake. Halafu nikaanza na yake, nikamaliza na yako. Sasa sijui mama yangu anaishi nyumba ipi. Katika moja anakula mukeke hadi kichwa, katika nyingine anafugwa.

Nimemwuliza Firmin, tunafanya kazi naye hapa ofisi ya bandari, maana mjomba wake alikuwa na ugonjwa huohuo. Anasema mjomba alikuwa akilamba asali kwa siri mpaka wakamkata kidole cha mguu. Kwa hiyo usilegee. Kila kitu kitamu kifungie. Uwe mkali, lakini kwa upole. Usimnyime, ila usimpe. Nikiyasoma haya naona hayana maana, lakini nadhani umenielewa.

Ile habari kwamba Donatien alimwambia anywe kitu cha sukari, hiyo ni mama anatafuta njia. Namjua. Mwaka ule alioacha pombe kwa ajili ya Kwaresima, alikunywa Jumatano akasema padiri alimkonyeza.

Anataka nikurudishe Kalundu. Sijamjibu.

Nakuambia kweli, naogopa. Baba alizikwa nikiwa mbali, na barua ilinikuta watu wamekwisha kunyoa nywele za matanga. Sitaki kupata barua ya namna ile mara ya pili. Mchunge.

Mumeo,
Jean-Berchmans


Mulongwe
Jumatatu, 16 Aprili 1956

Baba Candide,

Umeandika kwamba hujamjibu. Yaani ulikuwa bado unafikiri. Haya, fikiri, mimi huku nachemsha bomba.

Sasa sikiliza, maana akili yangu imefika mwisho. Mama anaanguka. Tena anaanguka Jumapili. Siku nyingine zote ni mzima, ananituma, ananigombeza, anaokota mawe kwenye mchele niliokwisha kuuchagua. Jumapili akitoka misa anarudi anatetemeka, nguo imelowa jasho, maneno yanapotea. Jumapili iliyopita alimwita marehemu baba yako kwa Kirundi na kumwomba afunge mlango wa ng'ombe. Nikamlaza. Saa za mchana nikamlisha kidogo kidogo kama mtoto, akapata nafuu, akaniuliza kwa nini namtazama hivi.

Nikajiuliza Jumapili ina nini. Nikapata jibu, au nilidhani nimelipata. Inamahoro hupanda lori huko Luvungi kila Jumamosi, analala hapa. Nilitazama chini ya kitanda cha mama nikakuta kibuyu cha mutobe. Nikaumwaga wote mtoni, mbele yao. Mama alikitazama kibuyu kitupu. Inamahoro alisema ya watu wawili.

Na jana, Jumapili ya kwanza bila mutobe, ndiyo aliyoanguka vibaya kuliko zote. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Kabla Donatien hajaondoka kwenda kuchanja watu wa bondeni alipima mkojo, maji yakabaki buluu. Yaani sukari hakuna. Sasa mama anaangushwa na sukari gani? Donatien hatarudi mpaka katikati ya Mei, na mwenzake aliyebaki anajua vidonda tu.

Jana asubuhi nilimchoma kama kawaida, nikamwekea uji wake wa ulezi usio na sukari, nikaenda kumwogesha mtoto. Nikarudi nikakuta bakuli tupu, kuku wamejaa mlangoni. Amekula, amechomwa, hana mutobe. Kila kitu nilichoambiwa nimefanya. Kwa nini anaanguka?

Uliza daktari huko. Si Firmin, daktari.

Georgette


Albertville
Jumatatu, 23 Aprili 1956

Mama Candide,

Nimeipata yako leo asubuhi, nimemkimbilia daktari wa hospitali hapa, nimeongea naye mlangoni. Meli inaondoka sasa hivi, naandika nimesimama.

Anasema ni jambo la hatari. Akianguka tena usingoje hata kidogo. Mpe dawa ya sukari palepale. Ukichelewa anaweza kufa. Usiogope, mpe tu. Mengine nitakuandikia juma lijalo, nimeambiwa nirudi kwake nielezwe vizuri.

J.-B.


Albertville
Jumatatu, 30 Aprili 1956

Mpendwa Mama Candide,

Leo nina nafasi, na nina furaha, maana jambo lote limeeleweka. Daktari amenichorea kwenye karatasi.

Ile sindano inashusha sukari ya damu. Chakula kinaipandisha. Vikienda pamoja, mtu anatembea sawa. Sasa mtu akichomwa sindano bila kula, sukari inashuka, inashuka, mpaka inapungua kupita kiasi. Hapo ndipo anatetemeka, anatoka jasho, anaita marehemu. Ugonjwa ni ule ule mmoja, sukari ikizidi inamwua na ikipungua inamwua. Nilimwambia daktari kwamba huu ni ugonjwa usiojua unachotaka. Akacheka, akasema wagonjwa wote humwambia hivyo.

Kwa hiyo mama alisema kweli. Donatien alimwambia anywe kitu cha sukari, na mimi nikamwita mwongo. Kutetemeka kule dawa yake ni sukari, hii hii ya kutia kwenye chai, au mutobe. Ndiyo maana juma lililopita nilikuandikia kwamba akianguka umpe dawa ya

Mama Candide, nimesimamisha kalamu. Nimetafuta barua yako ya Machi. Umeandika kwamba hapo nyumbani sindano mnaiita dawa ya sukari.

Mimi nilimaanisha sukari. Sukari ambayo ni dawa. Wewe utasoma sindano. Mungu wangu, utasoma sindano, na jana ilikuwa Jumapili.

Naiacha hii kama ilivyo, nakimbilia posta.


SIMU YA MAANDISHI
ALBERTVILLE 30 APRILI 1956
GEORGETTE NDIKUMANA MULONGWE UVIRA
MAMA AKIANGUKA USIMPE DAWA YA SUKARI MPE SUKARI YENYEWE JIBU UPESI
JEAN BERCHMANS


Mulongwe
Alhamisi, 3 Mei 1956

Baba Candide,

Simu yako ilifika Jumatatu jioni. Mama alianguka Jumapili.

Nilikujibu kwa simu kwamba mama mzima, na ni mzima, basi soma haya ukijua hivyo. Nimekaa siku hizi nikitafuta namna ya kuyaandika.

Barua yako ya haraka niliipata Ijumaa. Nikaisoma mpaka nikaijua kwa moyo. Mama alirudi kutoka misa ameshikiliwa na Inamahoro, macho yanaona kitu kisichokuwapo. Akaanguka kwenye kizingiti. Ulisema nisingoje, sikungoja. Bomba lilikuwa bado safi la asubuhi. Nikavuta dawa ya sukari, nikamchoma paja la pili. Nilifanya upesi na vizuri, bila kumwaga hata tone. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nikangoja apone. Akazidi. Akaacha kuita watu, akaacha kunishika mkono. Jasho likawa la baridi. Nilimwita mama, mama, hakugeuza jicho. Nikajua anakufa, na mimi nimefanya kila kitu mlichoniambia.

Inamahoro akatoka, akarudi na kibuyu. Kumbe alikuja na kingine, safari hii alikificha kwa jirani. Nilitaka kumzuia. Akaniambia, "Weye Georgette, dada yangu anaenda. Hataenda na midomo mikavu. Anaenda na kile alikipenda." Nilimtazama nikaona sina haki tena ya kumnyima mtu huyu kitu. Nikapiga magoti, nikamwinua kichwa mama yako mimi mwenyewe, na Inamahoro akamdondoshea mutobe mdomoni, tone kwa tone. Tulikuwa tunamuaga. Tulilia wote wawili.

Akameza. Akameza tena. Tukaendelea kumpa kwa sababu alikuwa akimeza, si kwa sababu tulikuwa na akili. Baadaye akafungua macho, akamtazama Inamahoro, akasema mutobe umechacha kidogo.

Mchana kutwa kila aliponyamaza mno tulimpa tena. Kibuyu kikaisha, nikaleta chai, nikatia sukari mpaka kijiko kikasimama. Akala bugali wote wa nyumba. Nami nikakaa pembeni nikimwona anafanya yote aliyokatazwa na anapona, sikuelewa lolote. Kisha Jumatatu Marcellin akaniletea simu kutoka posta. Nikasoma, nikaelewa nilichokuwa nimemchoma.

Sikulaumu. Maneno yako yalikuwa sawa, na nilichosoma kilikuwa sawa. Lakini mkono ni wangu.

Mama hajui. Anadhani ile sindano ya pili ilikuwa ya kumsaidia. Jirani wameanza kumsifia Inamahoro, nami wananipa pole. Nimwambie? Nikimwambia atataka niondoke, na safari hii atakuwa na sababu. Nisipomwambia, kila asubuhi nitamchoma nikiwa nimefunga mdomo. Tangu Jumapili siimbi.

Niandikie. Au usiniandikie, maana barua zetu zinapishana majini na kila moja inafika imekwisha kuchelewa.

Georgette


Mulongwe
Jumatatu, 21 Mei 1956, siku ya pili ya Pentekoste

Mwana wangu Jean-Berchmans,

Minye mama yako ndiye nasema. Marcellin nimemupumzisha. Anaandika bibi yako. Nimemuambia aandike kila kintu, hata kile hataki, na nitamuita Marcellin asome nyuma yake kama sina hakika. Amekubali.

Kwanza. Minye nilijua. Muntu anachomwa kila siku paja moja, siku moja anachomwa yote mbili, atakosa kusikia? Kinywa kilikuwa kimefungwa, masikio hapana. Na simu yako, Georgette aliisoma kwa sauti, nikasikia. Nikamuangalia. Nilisema mu roho, nione kama atasema. Siku moja ikapita. Ingine ikapita. Hakuimba. Siku ya tatu akaja na lile bomba, akaliweka chini, akaniambia yote, kwa mukono wake akashika miguu yangu. Mu ile saa barua yake kwako iko hata haijapanda meli. Hakungoja ruhusa yako. Andika hivyo, Georgette. Nimesema andika.

Pili. Minye nami nina yangu. Ule uji wa Jumapili sikuukula hata siku moja. Niliwapa kuku. Nani anapokea Bwana na tumbo yenye uji? Hivyo ndivyo nilifundishwa wakati wa ubatizo, na sikuwa na mupango wa kubadilisha sababu ya Donatien. Aliniambia nikichomwa nikule. Nilitikisa kichwa sawa muntu amesikia. Sikumuambia Georgette, maana angenikataza komunyo sawa alinikataza mutobe. Na nikianguka, angefikiri ni njaa, na ile

Ona sasa, ameandika lile neno. Nimemuambia alifute, amekataa. Anasema nimelisema mwenyewe. Basi libaki.

Donatien amerudi kutoka bondeni. Alisikiliza, akakaa chini, akashika kichwa. Sasa Jumapili sindano inangoja nitoke misa, halafu nachomwa, halafu nakula palepale. Padiri naye amesema muntu mugonjwa hafungi sawa muzima, anaweza kunywa kintu mbele ya misa kuanza. Nilimuambia angesema mapema. Georgette ananifungia sukari mu pindo ya kitenge, kipande kikubwa, nikishikwa na kutetemeka naweka mu kinywa hata mbele ya altari. Jana niliisikia mu pindo wakati wa mahubiri. Sikuigusa. Mutobe Inamahoro analeta kidogo tu, ni wa kuamsha, si wa kunywa. Bugali iko ileile, ngumi ya mutoto. Nikitaka kiazi kitamu napunguza bugali, tunabishana, halafu tunapima. Mukeke kwa baba yake haujakatika.

Tatu. Ile neno, dawa ya sukari, limekatazwa mu hii nyumba. Ya kuchoma tunaiita sindano. Ya kula tunaiita sukari. Hata Candide anajua. Weye peke yako ndiye unabaki kujifunza, na uko na ofisi.

Ine. Nilikuandikia uchague. Hukuchagua, na nilikasirika. Sasa nasema, usichague. Ukimutoa huyu kwangu, utanitoa na minye.

Ameacha kuandika, anajifanya mavumbi yameingia mu macho. Namungoja.

Haya. Mwisho. Nisalimie Firmin, pole kwa kidole cha mujomba wake. Nilikuwa na neno lingine moja. Georgette, weye andika, usinitazame. Muambie mume yako: mama yako iko na njaa.

Apollinarie

Baba Candide, amesema hivyo kweli, nimeandika kama nilivyosikia. Safari hii amelisema kwa kusudi, na sasa anatazama mlango. Naikatia hapa, naenda jikoni.

G.